Orodha ukutani: mwalimu aliyegeuka MCA na hesabu ya basari

Jina la mhusika, wadi, kaunti na chama chake nimeyaondoa, na mambo madogo mawili matatu nimeyasogeza ili asitambulike. Nitamwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo wengi walivyoendelea kumwita hata baada ya kuapishwa kuwa mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti (MCA), ilhali wageni wa makao makuu ya kaunti walimwita Mheshimiwa. Nilikuwa karani katika afisi yake ya wadi kwa miaka minne. Msomaji ajue basi kwamba simsimulii mtu niliyemtazama kwa mbali. Fomu nyingi zinazotajwa hapa nilizipiga muhuri mwenyewe.

Usuli

Siasa za Kenya hazijawahi kukosa walimu. Daniel arap Moi alitoka darasani akaingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1955, mwaka uleule ambao Julius Nyerere, ng'ambo ya mpaka, aliacha kufundisha Pugu ili ashughulikie siasa. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 mlango ulipanuka zaidi. Zilipatikana wadi 1,450, na katika nyingi kati yake mtu anayejulikana na kila nyumba ni mwalimu, kama si mhubiri au mwenye duka.

Mwalimu alikuwa amefundisha Kiswahili na Historia kwa miaka kumi na minane, zote katika shule mbili za sekondari zilizo umbali wa kutembea kwa miguu. Miaka sita ya mwisho alikuwa naibu mkuu wa shule. Aliyesoma Kenya anajua naibu ni nani: ndiye wa nidhamu, na ndiye anayesimama langoni Jumatatu asubuhi akiwa na daftari la wadaiwa wa karo. Aliwarudisha nyumbani watoto wengi sana. Baadhi yao walirudi shuleni na karo, baadhi hawakurudi kabisa, na hao wa pili ndio aliowakumbuka kwa majina.

Jina lake kisiasa lilitokana na chama cha walimu. Wakati wa mgomo wa Septemba 2015, uliochukua takriban wiki tano, alikuwa mmoja wa viongozi wa tawi, na aliweza kuzungumza na wazazi waliokasirika bila kuwakejeli. Ulipomalizika, wazee wawili walimwendea nyumbani wakamwambia agombee udiwani. (Wazee bado husema udiwani, ingawa madiwani waliondoka na Katiba ya zamani.)

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kazi. Sheria ya Uchaguzi, kifungu cha 43, inamtaka mtumishi wa umma anayegombea ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya uchaguzi. Uchaguzi ulikuwa tarehe 8 Agosti 2017. Kwa hiyo mapema Februari, kabla ya mchujo wa chama na kabla hajajua kama atapata tiketi, ilimbidi aandike barua ya kuacha ajira. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, sita pungufu ya umri ambao mwalimu anaweza kuomba kustaafu mapema. Mkewe, ambaye pia ni mwalimu, alibaki kazini, na mshahara wake ndio uliotia petroli katika gari la kampeni. Nalitaja hili kwa sababu mtu aliyekata daraja nyuma yake hubadilika namna ya kuahidi.

Ahadi ya madarasa

Kila jukwaani aliahidi mambo mawili. Kwanza, madarasa mapya katika shule sita za msingi, na alizitaja moja moja kwa jina. Pili, kwamba mtoto maskini hatafukuzwa shule. Watu walimwamini papo hapo. Nani angejua madarasa kuliko yeye? Alishinda kwa tofauti ya kura zisizofika mia nne.

Baada ya kuapishwa, wawakilishi wapya walipelekwa semina. Alirudi na nakala ya Katiba iliyopigwa mstari wa wino mwekundu kwenye Jedwali la Nne. Hapo kazi za kaunti katika elimu zimetajwa kwa ufupi wa kukata tamaa: chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Shule za msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa, na fedha za madarasa yake wakati huo zilipitia zaidi hazina ya maeneo bunge, NG-CDF, ambayo wananchi waliihesabu kuwa ya mbunge. Mwalimu wa Historia, aliyefundisha somo la Serikali kidato cha tatu, alikuwa ameahidi vitu ambavyo kisheria havikuwa vyake.

Alikuwa na njia tatu. Angeweza kuitisha baraza na kusema, "Nilikosea." Angeweza kufanya kama wenzake wachache: kujenga darasa la shule ya msingi na kuliandika kwenye vitabu kuwa la chekechea. Au angejenga chekechea halisi na kuuweka uzito wa ile ahadi ya pili kwenye basari, yaani msaada wa karo, ambayo wakati huo kaunti zilikuwa zikiitoa kwa mgao wa kila wadi. Alichagua ya tatu. Nilipomuuliza mbona asiseme ukweli barazani, alinijibu, "Nikisimama kuwaambia sikujua, nani ataniita mwalimu tena?"

Chekechea zikajengwa, tano kwa muda wa miaka minne, zote ndani ya nyua za shule za msingi, zote na vyoo vyenye milango mifupi. Ni kazi nzuri. Bado nikipita naona watoto wakinywa uji kwenye kivuli cha ukuta. Lakini katika shule tatu kati ya zile sita alizozitaja kwa jina, wazazi walipomwona fundi wa mawe anaanza msingi walidhani ndiyo ile ahadi, na wiki chache baadaye wakagundua madirisha ni ya watu wa miaka minne.

Orodha

Kila kitu kikaegemea basari. Nieleze ukubwa wa shida kwanza. Kuanzia Januari 2018 serikali kuu ilimtengea kila mwanafunzi wa sekondari shilingi 22,244 kwa mwaka, na karo ya shule za kutwa ikaondolewa. Shule za bweni za kitaifa na za daraja la pili ziliendelea kudai hadi 53,554. Mgao wa wadi, ukigawanywa kwa waombaji wote, ulimpa kila mmoja shilingi elfu tatu, elfu nne. Fedha hiyo haimlipii mtoto wa bweni hata muhula mmoja. Inamsaidia mzazi kuingia kwa mkuu wa shule akiwa na karatasi mkononi, badala ya mikono mitupu.

Kabla yake, utaratibu ulikuwa rahisi: fomu zilijaa afisini, kamati ikakaa siku moja, majina yakatoka. Watu walisema majina yalitoka mfukoni mwa mwakilishi, na sina la kuwapinga.

Mwalimu aliamua kufanya kile alichokijua, yaani kusahihisha. Alitunga jedwali la alama mia. Yatima wa wazazi wote wawili alikuwa na alama zake, wa mzazi mmoja zake. Zilikuwako alama za ulemavu wa mtoto au mzazi, za ndugu wengine walio sekondari wakati mmoja, za hali ya nyumba kama ilivyoonwa na wanakamati wawili waliotembelea boma. Mwaka wa kwanza kulikuwa na alama za matokeo ya mtihani pia. Mwaka wa pili aliziondoa mwenyewe, baada ya kuona kwamba mtoto anayekaa nyumbani wiki tatu kwa kukosa karo huanguka mtihani, kisha hukosa basari kwa kuwa ameanguka. Kufikia wakati huo tulikuwa tumekwisha kumnyima mmoja wa namna hiyo.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna wadi jirani iliyolifanya. Alichapisha orodha nzima, kutoka aliyepata alama nyingi hadi aliyepata chache, na kuibandika kwenye ukuta wa nje wa afisi kama matokeo ya mtihani wa mwisho wa muhula. Mstari mwekundu ulionyesha fedha zilipokwishia.

Siku ya kwanza umati ulifika kabla sijafungua kufuli. Kufikia saa nne tulikuwa na kesi mbili ambazo hakuna mkaguzi angezipata. Wanakijiji waliona jina la kijana aliyemaliza kidato cha nne miaka miwili nyuma, na jingine la mtoto ambaye, kwa ushuhuda wa jirani wa nyumba ya tatu, hakuwahi kuzaliwa. Hundi hizo hazikuandikwa. Miaka yote minne wakuu wa shule walithibitisha kupokea fedha kwa majina yaleyale yaliyokuwa ukutani. Kiutawala, sijaona kazi safi kuliko ile.

Mchana wa siku hiyohiyo alikuja mama mmoja aliyekuwa mkono wa kuume wa kampeni katika kijiji chake. Alitembea nyumba kwa nyumba mwaka 2017, na usiku wa kuhesabu kura alilala kwenye nyasi nje ya kituo. Jina la binti yake lilikuwa chini ya mstari, nafasi nne tu.

"Mwalimu, mimi umenipa ngapi?"

"Mama, si wewe. Ni mtoto, na tumewahesabu wote kwa fomu moja."

"Hiyo fomu ilipiga kura?"

Alimjibu vizuri, kwa upole, akamwonyesha jedwali safu kwa safu. Ndivyo angemweleza mzazi mwenye mtoto aliyepata C badala ya B. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akafunga leso yake vizuri, akaaga. Hakurudi tena afisini.

Upande wa waliopata kulikuwa na jambo ambalo sikulitarajia. Nilikuwa nikimpa mzazi hundi ya shule, nikamtania: "Umshukuru Mheshimiwa." Akanijibu bila ubaya wowote, "Kwani si alama sabini na moja? Nimezipata." Alikuwa sahihi kabisa. Mfumo ulifanya kazi yake vizuri mno hata ukamfuta aliyeuleta. Aliyepata alijua amestahili, hivyo hakuwa na deni kwa mtu. Aliyekosa alijua ni nani hasa aliyemweka nafasi ya ngapi.

Mswada

Mwaka 2019, akiwa mwenyekiti wa kamati ya elimu ya bunge la kaunti, Mwalimu alitaka utaratibu wake uwe sheria ya kaunti nzima: jedwali moja la alama, orodha kubandikwa hadharani, muda wa siku kumi na nne wa rufaa. Gavana hakupinga, magavana hawapati hasara yoyote wawakilishi wakifungwa mikono. Waliopinga ni wenzake. Mswada ulisomwa mara ya kwanza, ukapelekwa kamati, ukakaa. Katika mjadala wa mara ya pili alisimama akazungumza dakika ishirini. Aliwaeleza kwa nini utaratibu wao ni mbovu, tena kwa mifano, na mifano mingine walijitambua ndani yake.

Mmoja wao, mtu mzima aliyekuwa muhula wa pili, aliniambia nje wakati wa chai: "Kijana, mwambie mwalimu wako sisi hatujafeli. Anatutaka tutoe kitu pekee tulicho nacho."

Alikuwa na hoja. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamzuia mwakilishi asijihusishe na utekelezaji wa kazi za serikali ya kaunti, wala kutoa huduma kana kwamba ni mwajiriwa wake. Kazi yake ni kutunga sheria, kusimamia na kuwawakilisha watu. Mpiga kura haoni hata moja kati ya hizo tatu. Anaona basari. Mwakilishi akinyang'anywa basari anabaki na kuhudhuria matanga. Mswada haukupigiwa kura ya mwisho, na bunge lilipomaliza muhula wake ulikufa pamoja na miswada mingine iliyobaki mezani.

Mwaka wa kura

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya Korona, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi Januari 2021. Ili kufidia muda uliopotea, Wizara ya Elimu ilibana kalenda: mihula ikafupishwa, likizo zikawa za siku chache, mwaka wa masomo wa 2021 ukaanza Julai na ule wa 2022 ukaanza mwishoni mwa Aprili. Kwa mzazi, maana yake ilikuwa karo inayorudi kabla ya jeraha la karo iliyopita kupona. Basari ya kaunti ilikuwa bado ile ile, mara moja kwa mwaka.

Katika kipindi hicho alijitokeza mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Hakuwa na jedwali. Siku za kufungua shule aliegesha gari karibu na lango na kuwalipia watoto aliowakuta wamerudishwa, elfu moja huyu, elfu mbili yule, mzazi akishuhudia. Sijui alitumia kiasi gani. Nina hakika kilikuwa kidogo sana ukilinganisha na mgao wetu wa mwaka mmoja. Lakini kila shilingi yake ilikuwa na uso wake. Na ilitolewa palepale langoni ambapo Mwalimu aliwahi kusimama na daftari, jambo ambalo wapinzani hawakuacha lipite.

Aprili 2022 Mwalimu alishindwa mchujo wa chama. Katiba, ibara ya 85, inamruhusu mtu agombee akiwa huru iwapo hajakuwa mwanachama wa chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na uchaguzi ulikuwa tarehe 9 Agosti. Alikuwa na wiki tatu za kuamua. Wazee walewale wawili walimshauri apumzike. Wanafunzi wake wa zamani, waendesha bodaboda wengi, walimwambia asimame, na aliwasikiliza wao. Alikuwa wa tatu. Katika kijiji cha yule mama wa nafasi ya nne chini ya mstari, ambako mwaka 2017 aliongoza kwa mbali, alipata kura ishirini na tatu.

Uchambuzi

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kuwa cha mtu mwaminifu aliyeangushwa na watu wanaopenda vya bure. Sikubaliani. Yule mama hakuomba vya bure. Alifanya kazi ya siasa kwa miezi sita, na katika mfumo mpya hapakuwa na safu ya kazi hiyo. Pengine haikupaswa kuwapo. Lakini ilipasa mtu amwambie mapema, uso kwa uso, kabla hajasoma ukutani mbele ya majirani kwamba ndugu watatu walio sekondari wana uzito kuliko usiku wake kwenye nyasi. Mwalimu alikuwa na wiki nzima ya kufanya hivyo. Aliona kwamba kumtembelea yeye peke yake kungekuwa upendeleo. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, alipochanganya mambo mawili: kumpendelea mtu na kumpa heshima ya kumweleza.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa mapema kuliko hapo, katika kuificha ile siri ya Jedwali la Nne. Kama angesema mwaka 2017 kwamba madarasa ya msingi si yake, chekechea tano zingehesabiwa tano. Badala yake zilihesabiwa kama sita zilizokosekana. Na kwa kuwa basari ilibebeshwa ahadi mbili, kila jina lililokaa chini ya mstari lilikuwa limenyimwa mara mbili. Sidhani watu wangeacha kumwita mwalimu. Wanafunzi hupenda mwalimu anayefuta ubao na kuandika upya. Yeye mwenyewe alifanya hivyo na alama za mtihani, na hakuna aliyemcheka.

Orodha yenyewe ilikuwa na doa ambalo sote wawili tulichelewa kuliona, na mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kuliona. Mwaka wa kwanza na wa pili tulibandika sababu pembeni mwa jina: yatima, mzazi mgonjwa, mzazi mlemavu. Tulidhani uwazi ni kuonyesha kila kitu. Msichana wa kidato cha pili alikuja kuomba jina lake lifutwe kabisa, basari aiache, kwa sababu wenzake shuleni walikuwa wameisoma safu ile. Sheria ya Kulinda Data ilipopitishwa Novemba 2019 tulipata kisingizio kizuri cha kubadilisha: kuanzia mwaka uliofuata majina yalibaki, alama zikabaki, sababu zikawekwa kwenye faili. Majirani bado waliweza kumtambua mtoto asiyekuwapo. Kumbe hatukuhitaji zile sababu hata siku moja.

Kuhusu mswada, niseme kwa ufupi. Alihesabu hoja badala ya kuhesabu vichwa. Siku kumi na nne za rufaa pekee, bila orodha ya lazima, zingeweza kupita. Wawakilishi wawili waliniambia hivyo. Hakutaka nusu mkate.

Kinachobaki kuwa kigumu ni lile jibu la alama sabini na moja, na hapa sina ushauri wa kumpa mwakilishi mpya anayesoma. Haki ikitendeka vizuri haiachi alama ya kidole cha mtendaji. Mfanyabiashara wa langoni alilijua hilo bila kusoma popote. Mwanzoni mwa 2025, Msimamizi wa Bajeti aliziandikia kaunti kwamba basari za sekondari na vyuo si kazi yao bila makubaliano rasmi na serikali kuu, na magavana wakakimbilia mahakamani. Mwalimu aliponipigia simu siku hiyo alikuwa akicheka. "Tumepigana miaka mitano," alisema, "kugawa vizuri kitu kisicho chetu."

Anafundisha sasa katika shule ya kibinafsi mjini, Kiswahili tu. Mimi nilihamishwa wadi nyingine, lakini Februari iliyopita nilipita afisi ya zamani kuchukua barua zangu. Ukutani hapakuwa na orodha. Mezani palikuwa na rundo la fomu za basari za mwaka huu, na nilizitambua mara moja: ni nakala ya nakala ya jedwali letu, na mistari yake imepinda kwa kupitishwa kwenye mashine mara nyingi. Safu ya alama bado ipo. Inajazwa kwa penseli.